Ninavyoishi na vidonda vya utumbo mpana

Nilianza kuhara damu mwaka 2019. Jina la ugonjwa wangu nililijua mwaka 2021. Hapo katikati nilitibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, nikatibiwa amiba tena, nikapewa dawa za minyoo, na mzee mmoja wa dawa za asili kule Buguruni akaniambia ni mgolo, yaani bawasiri. Kila dozi ilinipa nafuu kidogo, kisha damu ikarudi, nami nikarudi kwenye benchi la zahanati kujieleza upya kwa mtu mwingine. Naandika haya kwa ajili ya aliyekaa kwenye benchi hilo leo.

Kwa Dar es Salaam si ajabu mtu anayehara damu akaanzishiwa dawa ya amiba. Wakati mwingine huwa ndiyo kweli. Lakini baadaye nilielezwa mambo mawili ambayo natamani kila mtu angeyajua. Kile kipimo cha taifodi cha damu, cha Widal, kinaweza kuonyesha chanya kwa sababu ya maambukizi ya zamani yaliyokwisha kupona. Na amiba anayeonekana kwenye darubini si lazima awe yule mharibifu, kwa maana yupo mwingine anayefanana naye kabisa anayekaa tumboni bila kumdhuru mtu. Kwa hiyo unaweza kushika karatasi ya majibu yenye "chanya" mbili na bado kinachokuumiza kikawa ni kitu cha tatu.

Mimi ni mhasibu kwenye ofisi ya duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, na kuandika ndiyo kazi yangu. Nilinunua kaunta buku, nikaanza kuandika: tarehe, nimekwenda chooni mara ngapi, damu ipo au haipo, maumivu yapo upande gani, usiku nimeamka au nimelala, nimekula nini, nimemeza dawa gani na nani kaniandikia. Kila Ijumaa nilijipima uzito duka la dawa. Baada ya muda kurasa zenyewe zilianza kusema. Dawa ya amiba ilikuwa haibadilishi chochote cha kudumu. Uzito ulikuwa unashuka tu. Na usingizi ulikuwa unakatwa na tumbo karibu kila usiku.

Siku niliyokwenda na buku hilo nilimkuta daktari kijana. Nilimwambia, "Daktari, naomba dakika chache nikusomee, nimeandika ili nisisahau." Akaniacha nisome. Nilipomaliza akauliza, "Usiku linakuamsha?" Nikasema ndiyo. "Damu ina muda gani?" Nikamwonyesha tarehe ya kwanza. Nikaongeza swali nililokuwa nimeliandika tayari nyumbani: "Kama si amiba wala taifodi, kinaweza kuwa nini kingine, na kipimo chake kinafanyika wapi?" Alikaa kimya kidogo, akasema, "Dada, hapa tumefika mwisho wa vidonge vya kubahatisha. Nakuandikia rufaa."

Alinieleza kilichomshtua. Kuhara kunakomwamsha mtu usingizini, damu iliyodumu wiki nyingi, uzito unaoshuka bila sababu na upungufu wa damu: hayo si ya kutibiwa kwa dozi nyingine ya vidonge, ni ya kutazamwa kwa ndani. Ukiwa nayo, yataje hivyohivyo, kwa maneno hayo. Ukisema "tumbo linasumbua" utapewa dawa ya tumbo.

Kipimo chenyewe ni kolonoskopi, mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa njia ya haja kubwa mpaka ndani ya utumbo mpana. Nilifanyiwa Muhimbili, Upanga. Niseme wazi, kwa sababu wengi wanakikimbia: kigumu ni maandalizi. Siku moja kabla huli chakula, unakunywa vitu vyepesi tu, madafu, chai ya rangi, supu iliyochujwa, na vinywaji vyekundu unaviacha maana vinaweza kudhaniwa damu. Kisha unakunywa dawa ya kusafisha utumbo na kukaa karibu na choo. Wakati wa kipimo nilipewa dawa ya usingizi mwepesi, kwa hiyo mume wangu alilazimika kuja kunichukua. Walitoa vipande vidogo vya nyama ya utumbo vikaenda maabara.

Hapo daktari bingwa alifanya jambo ambalo namshukuru mpaka leo. Hakukimbilia dawa. Alisema kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye utumbo na kufanana sana na ugonjwa wa Crohn, mmoja wa magonjwa ya vidonda vya utumbo aliyokuwa anayafikiria, na kwamba dawa za kutuliza uvimbe zinashusha kinga, hivyo ukimpa mwenye kifua kikuu unaweza kumwangamiza. Tukasubiri majibu ya kifua kikuu, VVU na homa ya ini. Yalipokuja yote safi, na maabara ikasoma vile vipande, akaniambia: ni kolaitisi ya vidonda. Mwili wako mwenyewe, ile kinga inayopaswa kupambana na wadudu, inashambulia ukuta wa utumbo mpana. Kwangu ilikuwa imeanzia mwisho kabisa wa utumbo na kupanda upande wa kushoto. Ule wa Crohn ni ndugu yake, ila wenyewe unaweza kuibuka popote kuanzia mdomoni. Hakuna aliyeniambukiza, hakuna aliyeniroga, na hakuna chakula nilichokula kilichouleta.

Sentensi hiyo ya mwisho niliihitaji sana, maana tayari ndugu walikuwa wameshanipangia lawama: pilipili, soda, kula kwa mama ntilie. Kila mmoja alikuwa na dawa yake pia, juisi ya kabichi, mshubiri, unga wa mlonge. Nilijifunza kujibu kwa upole na kwa kifupi: "Ahsante shangazi, nitamuuliza daktari kwanza." Na kweli nilikuwa naandika na kuuliza. Baadhi alisema hazina shida, mshubiri akaukataa kabisa kwa sababu unaharisha.

Dawa nilianza na prednisoloni, moja ya zile za kutuliza uvimbe. Ilikata damu haraka, lakini niliambiwa mapema kwamba si ya kukaa nayo na kamwe haiachwi ghafla; inapunguzwa kidogo kidogo, kwa sababu ukiitumia muda mrefu mwili unaacha kutengeneza homoni yake inayofanana nayo. Ya kukaa nayo ni salfasalazini, pamoja na foliki asidi kwa kuwa salfasalazini inazuia mwili kuifyonza. Mkojo unakuwa wa njano ya machungwa, usiogope. Damu na ini napimwa kwa ratiba. Mwenye mzio wa dawa za salfa aseme kabla hajaandikiwa. Na jambo moja ambalo sasa nalitamka kila ninapoingia kituo chochote cha afya, hata kama nimekwenda kwa mguu kuteguka: sitaki sindano ya diklofenaki wala vidonge vya ibuprofeni, maana vinaweza kuuamsha ugonjwa. Naomba parasetamoli. Mara ya kwanza muuguzi alinitazama vibaya. Nikamwonyesha karatasi ya daktari, akabadilisha.

Sasa jikoni. Nianze na lililo muhimu: chakula hakiponyi kolaitisi. Kinachokausha vidonda ni dawa. Lakini chakula ndicho kinachoamua kama siku yangu itapitika, hasa ugonjwa unapoamka, na hapo nimejifunza mengi.

Ugonjwa unapoamka naachana na kila chenye makapi. Mjini hapa kila mtu anasifu dona, na nikiwa mzima naila, lakini utumbo ukiwa na vidonda pumba zile zinakwaruza. Nasonga ugali laini wa sembe, tena mdogo. Wali naupika ukawa mashendea. Ndizi za mtori zilizopondwa na nyama ya kusaga, viazi mviringo vya kuponda, boga, mayai ya kuchemsha. Samaki nanunua Feri asubuhi, changu au kolekole, namchemsha kwa ndimu, chumvi, karoti na tangawizi kidogo, naondoa miba yote, nakunywa na mchuzi wake. Tui zito la nazi naliacha, lile la pili jepesi linanikubali. Makande, mahindi ya kuchoma, karanga, miwa na mapera yenye zile kokwa ndogo, vyote nasubirisha. Maziwa fresh yananijaza gesi ila mtindi unakaa. Pilipili sigusi. Nakula kidogo kidogo mara nyingi badala ya sahani moja iliyojaa.

Ukiharisha sana, kinachokuangusha ni maji na chumvi. Nikikosa pakiti za ORS natengeneza: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vipimo vya kusawazisha bila kilele. Dafu nalo linasaidia, lina potasiamu.

Mambo yakitulia narudisha vyakula, kimoja kwa wakati, nacho nakiandika kwenye buku. Hii ndiyo hatua ambayo wagonjwa wengi niliokutana nao kliniki wanairuka. Wanaendelea na wali na chai mwaka mzima kwa hofu, wanakonda, damu inapungua. Mimi nilipigania kurudisha mchicha, nikatoa mabua nikabakiza majani, nikapika mpaka ukalegea. Nikarudisha choroko zilizokobolewa, kisha maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Dagaa na maini kwa ajili ya damu, na chai naiweka mbali na mlo kwa sababu inazuia madini ya chuma yasifyonzwe. Papai halijawahi kunikataa. Pilipili tu ndiyo tuliachana moja kwa moja, na hiyo ni kwangu mimi; mwenzangu mmoja anakula pilipili vizuri, mayai ndiyo yanamlaza.

Ukweni ndiko kulikonitoa jasho. Mama mkwe ni mtu wa kulisha watu, na kukataa sahani yake ni kumkosea. Mwezi wa Ramadhani wa kwanza tangu nijue ugonjwa, daktari aliniambia nisifunge kwa kuwa nilikuwa bado natoka damu na dawa zangu ni za mchana na usiku. Wifi yangu alianza maneno. Niliamua kumwendea mama mwenyewe, mchana, tukiwa wawili jikoni. "Shikamoo mama. Nina jambo langu la ugonjwa nataka ulijue kutoka kwangu." Nikamweleza yote, pamoja na damu. Alinisikiliza huku anamenya magimbi. Kisha akasema, "Mwanangu, aya ya 184 ya Suratul Baqara imemtaja mgonjwa. Nani basi wa kukuuliza?" Tangu siku hiyo futari ya kwake ina bakuli langu la uji wa mchele na samaki asiye na pilipili, na wifi hajasema tena. Kwenye misiba na shughuli nakwenda na hotipoti yangu. Nikiulizwa nasema ni chakula cha dozi, wanaelewa.

Kazini nilihitaji mambo mawili: ufunguo wa choo na ruhusa za kliniki. Choo cha ghorofa yetu kinafungwa, ufunguo anao mlinzi, na mlinzi akienda kuswali au kula hapapatikani mtu. Niliomba barua kwa daktari, inayosema tu kwamba nina ugonjwa wa kudumu wa utumbo na nahitaji choo bila kuchelewa. Nilimpelekea bosi, nikamwambia, "Bosi, kazi yangu haitapungua, ila naomba ufunguo wangu mwenyewe." Alichongesha siku hiyohiyo. Kuhusu ruhusa nilisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: mwajiriwa ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kipindi cha miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Wengi hawaijui. Nilipoitaja kwa heshima, suala la kukatwa mshahara siku za kliniki likaisha.

Njiani bado ni kazi. Naishi Kimara, napanda Mwendokasi mpaka Gerezani, na mvua ikifunga Jangwani unaweza kukaa ndani ya basi muda usiojulikana. Natoka alfajiri kabla ya msongamano, nakunywa chai nikishafika, na nimeshajua kituo cha mafuta kipi na msikiti upi una choo kilicho wazi. Mkobani nina nguo ya kubadilisha, mfuko wa plastiki, chupa ya maji na sarafu za choo cha kulipia.

Salfasalazini huadimika madukani, kwa hiyo sisubiri iishe. Napiga simu maduka ya dawa nikiwa bado na akiba, na kabla ya kununua naangalia kama bima inalipia.

Limebaki moja ambalo nililidai mwenyewe. Kolaitisi ya miaka mingi inaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana, na ushauri wa kawaida ni kurudia kamera ikifika miaka 8 tangu dalili zianze. Kwenye jalada langu ugonjwa ulikuwa umehesabiwa tangu 2021, mwaka wa kipimo. Nilifungua ukurasa wa kwanza wa kaunta buku, nikamwonyesha daktari damu ya kwanza ni ya 2019. Akakata mwaka ule na kuandika juu ya jalada: kamera, 2027.