Alukobondi ikifura juani, angalia matundu ya ribeti

Alukobondi, yaani paneli za alumini za kufunika kuta, inayotoa tumbo mchana na kunyooka usiku mara nyingi haina kasoro ya kiwandani. Imebanwa tu. Shiti ya kawaida ya milimita 4 ni ngozi mbili za alumini, nusu milimita kila moja, na kati yake plastiki ya milimita 3. Ikipata joto hurefuka kama alumini yenyewe: milimita 2.4 hivi kwa kila mita, joto likipanda nyuzi 100. Kwa hiyo shiti nyeusi ya futi nane, ikitoka nyuzi 20 alfajiri hadi 70 juani, huongezeka karibu milimita 3. Ribeti zote (pini za kufungia paneli kwenye fremu) zikiwa zimekaza, urefu huo hauna pa kwenda ila mbele.

Kila paneli iachiwe ribeti moja ya kuishikilia palepale, karibu na katikati, tundu lake milimita 5.1 kwa ribeti ya 5. Nyingine zote zipite kwenye matundu ya 8.5, ila kwenye fremu nyuma tundu libaki 5.1. Ribeti isimame katikati ya tundu pana. Ikiegemea ukingo, upande mmoja hauna nafasi tena na kazi yote ni bure. Usikadirie kwa macho: tumia kibomba cha chuma chenye kipenyo cha nje 8.5 na tundu la ndani 5.1, kichomeke kwenye paneli, kisha upitishe keekee ndani yake.

Kichwa cha ribeti kiwe milimita 14. Cha 11 juu ya tundu la 8.5 hushika milimita 1.25 tu kila upande, na upepo mkali utakichomoa. Toka ukingoni mwa paneli angalau milimita 15. Urefu wa ribeti usipime kwa mazoea. Paneli ya 4 na fremu ya 2 ni 6, na boksi limeandikwa ribeti inashika unene gani.

Wengi huharibu kazi kwenye bunduki ya ribeti. Ikivuta hadi mwisho, kichwa huzama, plastiki hubonyea na kuzunguka ribeti hubaki kibakuli kinachoonekana vizuri jua likipiga kwa ubavu. Tundu pana halisaidii kitu hapo, maana paneli imeshabanwa. Kuna mdomo maalumu wa bunduki unaozuia kichwa kisiguse paneli, ukiacha mwanya wa milimita 0.3. Kabla ya kuvuta, menya nailoni inayofunika uso wa paneli pale kichwa kitakapokaa na ufute vumbi la keekee. Nailoni ikibaki chini ya kichwa haitoki tena bila kuacha masharubu.

Ribeti yenyewe iwe mwili wa alumini na msumari wa stenlesi, ule unaovutwa na bunduki. Yenye msumari wa chuma cha kawaida hulia kutu ukutani, na mijini kama Tanga au Mombasa chumvi ya bahari huharakisha. Kama fremu ni skweya paipu za chuma, weka mkanda wa mpira kati yake na paneli, la sivyo alumini ndiyo italiwa.

Ribeti iliyokosewa usiing'oe kwa patasi. Toboa kichwa kwa keekee ya 5 mpaka kiachie, kisha sukuma mwili uangukie nyuma.