Kideri hakisikii antibiotiki

Kuku wakianza kusinzia nyuma ya jikoni, wafugaji wengi wa Vihiga, Kakamega na Kisumu hukimbilia agroveti. "Nipe dawa ya kuku wanaoharisha." Hupewa pakiti ya unga wa oksitetrasaiklini, aina ya antibiotiki, na kufikia jioni maji ya kuku yamegeuka manjano. Hakuna aliyeuliza kuku ni wangapi, wana umri gani wala kama wamechanjwa.

Kisheria, antibiotiki za mifugo hapa Kenya hutolewa kwa cheti cha daktari. Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, iliyoundwa kwa kanuni za 2015, ndiyo inayosimamia. Mimi naunga mkono sheria hiyo ikazwe. Ila ukifunga kaunta ya duka na usimletee mama mwenye kuku wanane chanjo, atafungua kapsuli za binadamu na kuzimwaga kwenye maji. Tayari wapo wanaofanya hivyo.

Kinachomaliza kuku wa kienyeji upande huu mara nyingi ni kideri, yaani Newcastle. Kinyesi cha kijani, kuhema mdomo wazi, mabawa kulegea, shingo kupinda, na boma zima kuisha ndani ya siku chache. Ni kirusi. Antibiotiki haikigusi. Wale watatu wanaobaki hai wamepona kwa kinga yao wenyewe, lakini sifa huenda kwa pakiti, na msimu ujao jirani naye atainunua.

Hata ugonjwa ukiwa wa bakteria, dozi ya kukisia huharibu. Chukua kuku 40 wa kilo moja na nusu: hizo ni kilo 60. Lebo ikisema miligramu 20 kwa kila kilo, unahitaji miligramu 1,200 kwa siku. Unga wa asilimia 20 una miligramu 200 katika kila gramu, kwa hiyo pima gramu 6, tena kwa mizani. Kijiko cha chai hubeba uzito tofauti kwa kila aina ya unga. Unga huo hunyweshwa ndani ya maji, na kuku 40 wakubwa hunywa takriban lita 8 hadi 10 kwa siku, zaidi jua likiwaka. Kuku anayezurura hunywa pia kwenye dimbwi na chini ya bomba, na mgonjwa hanywi kabisa, kwa hiyo anayeihitaji dawa ndiye anayeipata kidogo zaidi. Ongeza kwamba kalsiamu hushikana na oksitetrasaiklini tumboni, hivyo maji ya chokaa au chakula cha kuku wa mayai huipunguzia nguvu. Halafu siku ya pili kuku wakichangamka, pakiti inafungwa na kuwekwa juu ya kabati. Bakteria walioonjeshwa dawa bila kuuawa ndio wanaobaki kuzaana.

Na mayai? Yanaendelea kuuzwa. Muda wa kusubiri baada ya dawa kabla ya kuuza mayai umeandikwa kwenye lebo, nao hutofautiana kwa kila dawa. Nyingine hazifai kabisa kwa kuku anayetaga. Enrofloksasini ni mojawapo. Marekani iliiondoa kwa kuku mwaka 2005 kwa sababu ya usugu wa bakteria wa kuharisha wanaomfikia binadamu kupitia nyama. Kolistini nayo isingepaswa kukaribia banda, maana hospitalini ni dawa ya akiba wakati nyingine zimeshindwa.

Pesa ya pakiti ingefaa zaidi kwenye chanjo. Kikwazo ni kwamba chupa huwa na dozi nyingi, 100 kwa mfano, na ikishachanganywa hailali hadi kesho. Basi nyumba kumi zipange siku moja. Chupa isafirishwe ndani ya thamosi yenye barafu, ichanganywe kivulini, kila kuku apate tone moja jichoni na ashikiliwe hadi apepese jicho na tone liingie. Mkichanja kwa maji, yasiwe ya bomba yenye klorini, wala chombo kisiwe cha chuma. Wanyimeni kuku maji saa moja au mbili kwanza ili wamalize upesi. Rudieni kila baada ya miezi mitatu au minne, na msikose mzunguko wa Novemba, kabla kuku wa Krismasi hawajaanza kuhamahama kupitia soko la Luanda na Kiboswa. Kuku aliyenunuliwa sokoni akae peke yake wiki mbili.

Vifaranga wa wiki tatu hadi sita wanaoharisha damu ni jambo jingine. Hiyo kwa kawaida ni koksidiosi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, na tiba yake, amproliamu, si antibiotiki. Inafanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini B1, kwa hiyo anayechanganya na vitamini kwenye ndoo hiyo hiyo anaifuta kazi yake. Vitamini zije dozi ikiisha. Na badilisha matandiko yaliyolowa, la sivyo utarudi pale pale.

Kuna magonjwa yanayotaka antibiotiki kweli, kama homa ya matumbo ya kuku na mafua yanayovimbisha uso. Hapo daktari anahitajika, na najua nauli yake hushinda bei ya jogoo. Ndiyo maana ningependa cheti kimoja kiandikwe kwa kikundi kizima, baada ya kuku mmoja au wawili kupasuliwa. Maabara ya mifugo ya Nakuru hufanya uchunguzi huo. Aliye mgonjwa lakini hai ni bora kuliko mzoga. Akishakufa, mfunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, mweke juu ya barafu bila kumgandisha, mfikishe siku hiyo hiyo, na uandike umri, chanjo alizopata, tarehe kifo cha kwanza kilipotokea na kila dawa aliyonyweshwa.