Mnaofundisha kwa Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni), angalieni hiyo saa 6 usiku
Walimu wenzangu mnaosimamia wanafunzi wa masafa (wanaosoma wakiwa mbali na chuo), tafadhali, kabla ya kufungua kazi yoyote kagueni saa ya mwisho. Ukiweka tarehe 15, saa 00:00, mfumo unafunga usiku wa tarehe 14 kuamkia 15. Mwanafunzi akisoma "tarehe 15, saa 6 usiku" anahesabu kwamba mchana mzima wa tarehe 15 bado ni wake. Anaingia jioni akitoka kazini, anakuta pamefungwa. Weka 23:59, halafu kwenye maelezo andika kwa maneno: "Jumatano tarehe 15, saa 5:59 usiku."

Jingine ni rasimu. Kama umewasha sharti la kubonyeza kitufe cha kuwasilisha, faili linaweza kupanda vizuri na kazi ikabaki rasimu tu. Mwanafunzi anajua amemaliza! Siku moja kabla, fungua orodha ya kazi, tafuta waliobaki kwenye rasimu, watumie ujumbe hao hao.

Na bando jamani. Mhadhara wa saa nzima ukiubana kuwa sauti tupu, mono (chaneli moja ya sauti), kilobiti 32 kwa sekunde, unakuwa kama MB 14. Video yake inaweza kula mamia. Weka vyote viwili, sauti ikae juu. Mwambie mwanafunzi apakue kozi ndani ya programu ya simu ya Moodle akipata mtandao mzuri, asome baadaye bila intaneti.