Siku moja kwenye chumba cha damu, Moshi

Saa 11 alfajiri niko macho, mtaani kwetu Pasua bado giza, nachemsha chai, namfunika mtoto vizuri maana baridi ya Juni hapa Moshi siyo ya kuchezea, natoka nakuta bodaboda wangu keshafika. Saa 1 na nusu niko kazini. Watu wakisikia nafanya kazi hospitali wanajua ni nesi. Hapana, mi ni wa maabara, kitengo cha damu, kile chumba cha mwisho kwenye korido ambacho ndugu wa wagonjwa wanakuja kugonga dirisha wakiwa na hasira.

Asubuhi ni ileile, nasoma joto la mafriji, digrii 2 mpaka 6, naangalia friza ya plazma, yani yale majimaji ya damu yenye protini za kugandisha, nahesabu chupa. Jana shelfu ya O ilikuwa na chupa 3 tu. Shule zimefungwa, na wanafunzi ndo wachangiaji wetu wakubwa.

Saa 4 kasoro simu ya ICU, wodi ya mahututi, ikalia. Mama kafanyiwa upasuaji usiku, kondo la nyuma lilibanduka kabla mtoto hajatoka, mtoto hakupona, na sasa mama mwenyewe anavuja kila mahali, kwenye mshono, kwenye fizi, mpaka pale palipochomwa sindano ya dripu. Nikisikia "anavuja pale pa sindano" moyo unanipasuka, maana hapo siyo kidonda tena, ni damu yenyewe imeshindwa kuganda. Madaktari wanaita DIC. Kondo likibanduka hivo linaamsha kuganda kwa damu mwili mzima kwa mpigo, mabonge madogomadogo yanaziba vimishipa vya figo na mapafu, na kazi hiyo inakula plateleti, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, na protini za kugandisha mpaka zinakwisha. Yani inaganda pasipotakiwa, panapotakiwa inamwagika. Maambukizi makali yakishaingia kwenye damu nayo yanaweza kumfikisha mtu hapohapo.

Sampuli ikaja, tyubu ya kifuniko cha bluu, imejaa nusu. Nikairudisha. Nesi akanijia juu kwenye simu na namwelewa kabisa, mshipa wa mgonjwa kama yule unatafutwa kwa jasho, ila ile tyubu ina dawa ya kuzuia kuganda iliyopimwa, damu 9 kwa dawa 1, ukijaza nusu majibu yanakuwa ya uongo na daktari atatibu uongo. Ikaja ya pili imefika kwenye mstari. Kwenye tyubu nyingine ya kuhesabia chembe, plateleti 38,000, na mtu mzima mwenye afya anaanzia 150,000. Vitendanishi vya kupimia fibrinojeni, ile protini inayofanya nyuzi za bonge la damu, vimetuishia wiki ya pili sasa, basi nikapanda ICU mwenyewe na tyubu ya kioo, safi, kavu, nikaweka mililita 2 za damu, nikaisimamisha bila kuigusa. Dakika 20. Nikaiinamisha. Ikamiminika kama chai.

Nashuka, nakuta shemeji yake mgonjwa kashikilia nondo za dirisha.

"Dada, damu iko wapi? Au mnasubiri hela?"

Nikamwambia inaandaliwa. Akaona mifuko ya plazma imo kwenye maji ya moto, ndo akapandisha kabisa, "Mtu anakufa nyie mnachemsha maji!", akatoa simu akaanza kunirekodi. Plazma inatoka friza ngumu kama barafu, inayeyushwa kwenye maji ya digrii 37, kama nusu saa hivi, na huwezi kuongeza moto maana utaharibu zilezile protini unazozitaka. Nikamwambia pia hata nikimpa chupa zote nyekundu nilizonazo, bila plazma zitaingia huku zinatokea kule. Hakusikia. Akapiga dirisha kwa kiganja mpaka wagonjwa kwenye benchi wakasimama. Mikono ilikuwa inanitetemeka na mikono hiyohiyo ndo inapimanisha damu, na damu ukikosea kundi unaua.

Hapo ndo akaja baba mkwe, mzee wa Kibosho, koti zito, kofia mkononi.

"Kijana, tulia. Binti, hebu nieleze mimi."

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, mkichinja mbuzi wa kisusio, ile supu ya damu, damu mnafanyaje isigande?"

"Tunaikoroga na kijiti."

"Na kijiti kikitoka?"

"Kina nyuzinyuzi, tunazitupa."

"Na damu iliyobaki?"

"Hiyo hata ikae, haigandi tena." Akanyamaza. Afu akasema taratibu, "Kwa hiyo mkwe wangu nyuzi zimemwishia."

"Zimemwishia baba. Hii inayoyeyuka hapa ndo yenye nyuzi."

Toka hapo saa sikuiangalia tena. Plazma 4 zikapanda, nyekundu 2, nikapiga simu kituo cha Damu Salama cha Kanda hapahapa Moshi, dereva akaenda kuleta O nyingine na plateleti, ambazo ni bahati kuzipata kwa sababu zinakaa siku 5 tu tena zinatikiswa muda wote. Manesi wakamfunika mama mablanketi na kuipasha damu kabla ya kumwekea, mwili ukipoa kuganda kunagoma. Mzee akataka kutoa damu, ana miaka 68 na mwisho ni 65, ikamuuma kweli, akakaa kwenye benchi anapiga simu mpaka ikaja Noah imejaa vijana wa ukoo. Mmoja hakufika kilo 50 za kuruhusiwa kutoa. Shemeji akatoa, hatukuongea. Chai ya saa 4 sikunywa wala ya mchana sikuikumbuka, miguu ilikuwa imevimba viatu vinabana.

Jioni nikapanda tena na tyubu ya kioo. Nesi yule wa asubuhi akaja kusimama pembeni yangu, kimya. Dakika 20, nikaiinamisha. Ikabaki palepale, bonge moja, imeshikilia kioo. Nesi akanishika bega.

Kwenye daftari la zamu nikaandika: ICU kitanda cha 4, plazma 2 zimeshayeyushwa ziko friji, zitumike ndani ya masaa 24. O imebaki 1.