Ukirudi Nyumbani, Ulizia Muhula wa Pili

Wengi wetu tunaorudi magharibi ya Kenya baada ya miaka ughaibuni tunaikumbuka shule ya wasichana kwa kengele ya alfajiri, prepu ya jioni na foleni ya githeri. Kwa hiyo tukitaka kuisaidia shule anakosoma mpwa au mdogo wetu, tunafikiria vitabu na madawati, na bahasha tunaipeleka siku ya kutuza. Nia ni njema. Ila muhula wenye shughuli nyingi zaidi ni wa pili, wiki 14 kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, na mengi yanayovunwa Julai hupandwa Mei. Pesa zinazofika Julai huwakuta wasichana wengi walishatolewa mashindanoni, mara nyingine kwa sababu ya vitu vya bei ndogo sana.

Kwanza ujue nini kinachezwa lini. Magongo, vikapu na mpira wa mikono ni vya muhula wa kwanza, pamoja na tamasha la drama. Wa pili ni wa voliboli, kandanda, netiboli na raga ya wachezaji saba kila upande. Timu huanzia zoni, ikapanda kaunti ndogo, kaunti, eneo, taifa, na mwezi wa Agosti bingwa hukutana na shule za Uganda, Tanzania, Rwanda na majirani wengine. Ramani ya maeneo huwachanganya wengi waliokaa mbali: Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia ni Magharibi, Kisumu na Siaya ni Nyanza, Nakuru na Trans Nzoia ni Bonde la Ufa. Shule ya Kitale, mji wa Trans Nzoia, iko karibu na Bungoma kuliko Nakuru, lakini katika michezo haikutani na shule ya Bungoma mpaka fainali za kitaifa. Ukitaka kumwona binti akicheza, uliza eneo lake kabla ya kukata tikiti ya basi.

Juu ya michezo kuna Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, ambalo hupanda ngazi zilezile katika majuma yaleyale. Juu yake tena kuna mitihani ya majaribio ya kidato cha nne, Juni na Julai. Shule nyingi hutegemea wasichana walewale kwa yote matatu, na hapo ndipo mambo hukwama.

Serikali hutoa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma, na ndani yake 1,500 ni za shughuli za michezo na vyama. Pesa hizo hugawanywa kwa uwiano wa 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu. Muhula wa pili, wenye safari nyingi kuliko yote, una asilimia 30 tu. Shule ya wasichana 800 inatarajia 1,200,000 za shughuli kwa mwaka mzima, kwa hivyo fungu la muhula huu ni kama 360,000, na mara kwa mara huchelewa. Humo mtoe mafuta ya basi, chakula cha njiani, ada za mashindano, jezi, mipira na posho za waamuzi wa mechi za kirafiki. Mwalimu wa michezo anayekupigia simu tarehe 5 Julai akiomba nauli hajashindwa kupanga. Alipanga kwa pesa ambazo hazijafika.

Kuna jambo jipya pia kwa waliohama zamani. Januari 2026 Gredi ya 10 iliingia sekondari pevu chini ya mtaala wa umilisi, na mmoja wa mikondo yake mitatu ni sanaa na michezo. Msichana wa mkondo huo anapofanya mazoezi ya voliboli au ya nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, yuko darasani kweli. Wazee wengi bado humwambia mtoto aache mpira asome. Kwa msichana huyu, ushauri huo ni wa kumwondoa kwenye somo lake. Kidato cha tatu na cha nne bado wako katika mfumo wa zamani wa 8-4-4, kwa hiyo mwaka huu shule inaendesha mifumo miwili chini ya paa moja, na walimu ni walewale.

Sasa karatasi, kwa maana ndizo zinazowatoa wasichana uwanjani kabla hata ya filimbi. Mchezaji lazima awe na cheti cha kuzaliwa, awe amesajiliwa kwenye mfumo wa wizara, na picha yake iwe kwenye orodha iliyopigwa muhuri na mwalimu mkuu. Tatizo la kawaida ni majina: cheti kinasema Nekesa, usajili unasema jina la babu, au herufi moja imepotea. Timu pinzani hukata rufaa, na ushindi mzima hufutwa. Kusahihisha jina huchukua majuma kadhaa, kwa hiyo kazi hii ni ya likizo ya Aprili. Kama ndugu yako yumo katika timu yenye tamaa ya kuvuka mpaka, hakikisha pia nakala za vitambulisho vya wazazi ziko shuleni, maana hati ya kusafiria ya mtoto haitoki bila ridhaa yao. Mzazi akiwa ng'ambo, jambo hili huwa gumu zaidi. Lishughulikie mapema.

Kuhusu mwili wenyewe, zungumzia magoti. Wasichana huumia kano za ndani ya goti zaidi ya wavulana wanaocheza mchezo uleule, hasa wanapotua baada ya kuruka au kugeuka ghafla huku magoti yakiingia ndani na kukaribiana. Dawa yake haina gharama. Programu ya kupasha mwili iitwayo FIFA 11+ huchukua kama dakika 20: mbio nyepesi dakika 8, mazoezi ya nguvu, kuruka na mizani dakika 10, kisha mbio za kasi dakika 2. Utafiti uliofanyiwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 nchini Norway na kuchapishwa 2008 ulionyesha majeraha yakipungua kwa karibu theluthi. Tatizo hapa kwetu ni kwamba timu huzunguka uwanja mara mbili, hujinyoosha kidogo, kisha mechi huanza. Sehemu ya katikati, ile ya dakika 10, ndiyo inayolinda goti, na ndiyo hurukwa kila mara kwa kuwa inachosha na haifanani na mpira. Ifanywe angalau mara mbili kwa wiki kuanzia juma la kwanza la Mei. Kuianza siku tatu kabla ya mechi za kaunti hakusaidii. Na kocha asimame mbele, si pembeni, ili aone magoti yanavyotua.

Faida ya wasichana hawa kulindwa ilionekana na dunia. Mwaka 2024 Junior Starlets, timu ya wasichana wasiozidi miaka 17, ilikuwa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya kufuzu Kombe la Dunia, na kule Jamhuri ya Dominika iliifunga Mexico 2-1. Soka ya wasichana nchini imejengwa kwa kiasi kikubwa na viwanja vya shule za upili, na magharibi ina sehemu yake kubwa katika kazi hiyo.

Vifaa. Viatu vilivyotumika kutoka ng'ambo huja kwa nia nzuri na hukaa stoo: saizi 42 na 43 kwa wasichana wa 38, tena vyenye meno marefu ya uwanja laini, ambavyo kwenye udongo mgumu hutia malengelenge nyayoni. Uliza saizi za wachezaji kumi na sita, kila moja na jina la mwenyewe, kisha ununue Kisumu au Nakuru. Kwa voliboli, peleka vilinda magoti jozi 12 na utepe wa kupimia. Ndiyo, utepe. Wavu wa wanawake unatakiwa kuwa mita 2.24 katikati, na shuleni nguzo huzama au kamba hulegea hadi wavu unashuka sentimita kumi bila mtu kutambua. Wasichana wakizoea huo, mpira wao wa kupiga kwa nguvu utaishia wavuni siku ya mechi halisi. Mpira nao uwe gramu 260 hadi 280. Ule mzito wa plastiki ngumu huumiza mikono na kuwafundisha kuukwepa.

Mvua ya mchana ya Kakamega na Kisumu mnaikumbuka. Bonde la Ziwa Viktoria lina radi nyingi mno, na uwanja wenye nguzo za chuma na mti mmoja wa kujikinga ni mahali pabaya. Ngurumo ikisikika, wote waingie kwenye jengo au basi, na wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Waandalizi hubanwa na ratiba na kutaka kumaliza kipindi. Mzazi aliyepo ana haki ya kusema hapana kwa sauti.

Sheria ya 2017 inaitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo, lakini mgao haufiki kwa mpangilio. Kwa safari ya siku tano timu ya wasichana 18 ihesabiwe pakiti moja kwa kila mmoja, iwe mfukoni mwake na si kwa matroni peke yake, pamoja na kaptura nyeusi ya ndani. Msichana anayeogopa doa hakimbii vizuri, na hatasema sababu kwa kocha wa kiume. Timu ikose kila kitu, lakini isikose mwalimu wa kike safarini.

Chakula kina kosa dogo linalorudiwa kila siku: chai ya rangi pamoja na maharagwe. Chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini, na msichana anayepoteza damu kila mwezi huku akikimbia kila jioni anayahitaji sana. Chai inywewe saa nzima baada ya chakula, na badala yake pera au chungwa liambatane na githeri. Omena, mboga ya saga na kunde tunavyo, havihitaji mfadhili.

Upande wa muziki una utajiri ambao sisi wa ughaibuni huuona kwa macho mapya. Isukuti, ngoma ya kuchezwa ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na shule zetu ni miongoni mwa mahali inapofundishwa kwa nidhamu: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kila moja na mdundo wake. Nyatiti ya nyuzi nane, ambayo zamani ilikuwa ya wanaume, leo hupigwa na wasichana wenye gara (njuga) mguuni na oduong'o (pete ya chuma) kwenye kidole gumba cha mguu wakiigonga kwenye ubavu wa ala. Ngozi hulegea kwenye unyevu. Ngoma iliyokaa vizuri Kisumu jioni hutoa sauti ya boksi Nakuru asubuhi ya Julai, palipo juu zaidi na penye baridi. Mwenye uzoefu hufika mapema, huianika juani au huipasha kwa moto wa majani kwa mbali, huku akiigonga kusikiliza. Kuikaribisha sana kwenye moto huipasua, na mshonaji hapatikani siku hiyo.

Kwaya huanguka kwa sababu mbili. Ya kwanza, sauti ya kuanzia hutolewa juu kwa wasiwasi, sauti ya kwanza wakachoka, na wimbo ukashuka kabla ya ubeti wa mwisho. Uma wa sauti, kile kichuma kinachogongwa kutoa sauti ya kuanzia, ni wa bei nafuu na huondoa hili kabisa, na ni zawadi bora kuliko sare mpya. Ya pili ni ushangiliaji. Msichana aliyepiga kelele uwanjani Ijumaa hana sauti Jumamosi. Mwalimu wa muziki na wa michezo wakae meza moja mwezi wa Mei, wachore kalenda moja, na wataje kwa jina nani asiyeshangilia na nani asiyesafiri.

Kalenda hiyo pia iwe na majaribio ya kidato cha nne. Shule zinazofanya vizuri humpa mchezaji karatasi aliyoikosa ndani ya siku tatu baada ya kurudi, na hutuma mwalimu mmoja wa hisabati au kemia katika basi. Zisizofanya hivyo humrudisha binti na kombe pamoja na alama zisizoeleweka, kisha lawama huwekwa kwa mpira.

Timu za Nakuru na nyanda za juu zinazokuja Kisumu, Siaya au Kakamega zinaingia eneo la malaria katika miezi yake mibaya, Mei hadi Julai, baada ya mvua za masika. Hawa hawana kinga waliyo nayo wenyeji. Hulazwa madarasani juu ya magodoro, madirisha yakiwa hayana vioo. Kila mmoja aje na chandarua chenye dawa na kamba za kukifungia, kwa maana darasani hakuna ndoano. Dalili hazitokei huko. Huja siku 7 hadi 14 baadaye au zaidi, binti akishafika kwao, na kule kwenye baridi nesi huifikiria homa ya mafua. Barua ya kurudi nyumbani iseme wazi: akipata homa ndani ya mwezi mmoja, apimwe damu siku hiyohiyo.

Shule mwenyeji nayo huwa na watu wengi kupita kiasi. Mwongozo wa usalama wa 2008 unataka mita 1.2 kati ya vitanda, ujia wa mita 2, milango ifungukayo nje na madirisha yasiyo na vyuma. Wageni wakiongezwa bwenini, hayo ndiyo huvunjwa kwanza. Pita uangalie kabla hujaangalia uwanja.

Pesa yako ilipwe kwenye akaunti ya shule na upewe risiti, ikitajwa kazi yake, kisha bodi ya usimamizi na chama cha wazazi wajulishwe. Na simu ipigwe juma la kwanza la muhula, kwa maneno mepesi: "Habari yako, Mwalimu. Mimi ni shangazi yake fulani wa kidato cha tatu. Naomba orodha ya mnachokosa kabla ya mechi za zoni, pamoja na saizi na idadi." Ukipata orodha yenye vitu viwili vitatu tu, chukua kile cha bei ndogo kinachozuia kingine kisifanyike, ukinunue wiki hiyo.