Kle ya 13: siku yangu moja juu na chini ya ziwa Kivu

Saa 11 alfajiri

Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, ndio wananiamsha. Wanarudi wakiimba, pirogi tatu tatu zimefungwa pamoja kwa miti mirefu, na wimbo ndio unaowapa mapigo ya kasia. Nikiwa bado kitandani hapa Himbi, mtaa wa Goma, najua kama usiku ulikuwa mzuri: wakipata samaki wanaimba kwa kujibizana, wakikosa unasikia makasia tu. Leo wanajibizana.

Mimi ni fundi wa mota za boti. Ndivyo ninavyojibu nikiulizwa kazi. Lakini karibu nusu ya pesa yangu inatoka kwa vitu vilivyoanguka majini: mota, nanga, simu, funguo za gari, na mara moja jino la dhahabu, ambalo hatukulipata. Vifaa vyangu ni miwani ya kuzamia, tuba ya kupumulia, mapezi mawili ya miguu yasiyolingana, na mapafu niliyopewa na Mungu. Chupa ya hewa sina.

Jana usiku mzee mmoja mwenye boti alinipigia simu. Mota yake ya farasi 25 ilikatika kwenye ubao wa nyuma wakati wa kufunga boti, ikazama. Nilimwuliza ilianguka wapi. "Hapa hapa, fundi." Hapa hapa, katika lugha ya wenye boti, ni eneo la kiwanja cha mpira.

Saa 12 na nusu

Siendi majini kabla jua halijapanda na upepo haujaanza. Si kwa ajili ya baridi. Maji ya Kivu hayana baridi ya kumtisha mtu. Ni kwa ajili ya mazuku. Pwani hii, kuanzia huku kwetu hadi Bulengo, ina sehemu ambapo hewa ya kaboni (kaboni dioksidi) inatoka ardhini na kulala kwenye mashimo usiku kucha, maana ni nzito kuliko hewa tunayopumua. Huioni. Ukikuta ndege amekufa shimoni bila jeraha, usiiname kumtazama. Kuna watu waliokufa ufukweni hata kabla ya kulowa.

Kijana wangu wa kazi amekwisha kufika na kamba, bidoni tatu za lita 20 na pampu ya magurudumu. Mzee yuko amesimama juu ya jiwe, koti limefungwa hadi shingoni, anatazama maji kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Saa 1 asubuhi

Natema mate kwenye kioo cha miwani, nasugua kwa kidole, nasuuza kidogo. Hiyo inazuia ukungu, na hakuna dawa ya dukani iliyonishawishi kuiacha.

Halafu nalala juu ya maji, uso chini, natulia tu. Hapa ndipo vijana wanakosea. Wanapumua haraka haraka mara ishirini wakidhani wanajaza hewa ya ziada. Wanachofanya hasa ni kuifukuza kaboni mwilini, na kaboni ndiyo inayomwambia mtu "rudi juu". Ikiisha, hamu ya kupumua haiji kwa wakati, na mtu anazimika kama mshumaa akiwa karibu kabisa kutokea. Kwa hiyo napumua polepole. Uso ukikaa ndani ya maji, moyo wenyewe unapunguza mwendo. Mwili wa binadamu unalijua jambo hili bila kufundishwa, sawa na sili wa baharini. Kijana yuko ndani ya pirogi, kamba mkononi. Kazi yake ni moja: asiangalie simu.

Tumeshusha jiwe lenye kamba kama kiini, nami nazunguka, kila duara pana kuliko la kwanza. Chini ni mawe meusi ya volkano, makali, yenye mapango madogo. Samaki ni wachache. Niseme wazi, maana watu wanadhani kila anayezama anafuata samaki: Kivu ni maskini. Aina zake hazifiki hata 40, na sambaza wenyewe waliletwa kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1960. Ukitaka rangi nenda Tanganyika, kule kuna aina zaidi ya 200 za sikilidi peke yao na maji yanayoangaza. Wageni wanavuka bahari kuja kuwatazama. Hapa kwetu, siku nzuri, naona mita nne au tano, kisha kijani.

Kwenye duara la tatu nikaona kitu kilichonyooka. Maumbile hayana vitu vingi vilivyonyooka. Nikanyoosha mkono, ukaishia njiani: ndani ya maji kila kitu kinaonekana kikubwa zaidi na karibu zaidi kuliko kilivyo, kwa sababu mwanga unapinda ukitoka majini kuingia kwenye hewa ya miwani. Nikasogea. Ilikuwa kle ya 13 (ndugu wa Tanzania mnaita spana), mpini umezungushiwa waya wa shaba. Waya huo niliuzungusha mimi. Kle hiyo ilinitoka mkononi kwenye maegesho haya haya, miaka miwili iliyopita, na nilimkata kijana mshahara nikidhani ameiuza.

Nikaitia kwenye kaptula. Juu sikusema kitu.

Mota tuliipata kwenye mzamo wa tisa, mita saba hivi chini, imelala ubavu juu ya ukingo wa jiwe. Tangi lake la mafuta, ambalo mzee aliapa ni jekundu, lilikuwa la kahawia, maana maji yanameza wekundu kabla ya rangi nyingine zote. Hatua mbili kutoka hapo jiwe linakatika na hakuna chini tena. Ziwa hili lina zaidi ya mita 470 sehemu za kina chake. Ingebiringika kidogo tu, ningemshauri mzee afunge msiba.

Saa 3

Sasa bidoni. Nilipokuwa na miaka kumi nilichukua mpira wa kumwagilia bustani, nikafunga ncha moja kwenye mti, nikaingia nayo ndani ya maji hadi mita mbili nikidhani nitakaa huko mchana kutwa. Sikupata hata pumzi moja. Kifua kilikuwa kama kimekaliwa na ng'ombe. Nililaumu mpira umetoboka. Miaka mingi baadaye ndipo nilielewa kwamba hewa inayotoka juu inakuja na msukumo mdogo wa huko juu, na maji ya chini yanakubana kwa msukumo mkubwa zaidi wa huko chini. Misuli ya mbavu haiwezi kushinda tofauti hiyo. Ndiyo maana tuba ya kuogelea ni fupi kama mkono wa mtoto. Ukitaka kupumua chini, lazima hewa ije na msukumo ule ule wa mahali ulipo. Hilo ndilo Wafaransa wawili, Cousteau na Gagnan, walilifanya mwaka 1943: detanda inayompa mzamiaji hewa kwa kipimo cha maji yanayomzunguka, kila anapovuta.

Mpira ule ulioninyima pumzi leo unaniletea mota. Nafunga bidoni zikiwa zimejaa maji, midomo chini, kwenye shingo ya mota. Natia ncha ya mpira ndani ya bidoni, natikisa kamba mara mbili, na kijana juu anakanyaga pampu. Mapovu yanaingia, maji yanatoka. Lita 20 za hewa zinabeba kilo 20 hivi. Ya kwanza ikasimama, ya pili ikasimama, mota ikanyanyua kichwa kama mgonjwa anayetaka uji. Ya tatu ilipofika nusu, yote ikaanza kupanda yenyewe, nami nikakaa pembeni. Hakuna mwenye akili anayekaa juu au chini ya kitu kinachopanda. Kadiri inavyopanda hewa inatanuka na ya ziada inamwagika kwa midomo ya bidoni, mapovu kama sahani.

Mzee akapiga makofi. Alitaka tuiweke juu ya mawe mara moja apige picha. Nikamkatalia. Mota iliyozama iache ndani ya maji mpaka ufike mahali pa kuifungua, maana kutu inaanza siku inapoonja hewa. Tuliivuta nyuma ya pirogi hadi karakana.

Saa 5

Buji (plagi) nje, maji nje ya silinda, kabureta imefunguliwa, petroli, mafuta, zungusha kwa mkono, tena, tena. Saa 7 kasoro ilikohoa. Mzee amelipa nusu. Nusu nyingine "kesho kutwa".

Saa 7 mchana

Fufu na sambaza wa kukaanga kwa mama mmoja karibu na njia ya bandari ya Kituku. Mama huyo haelewi kazi yangu na hafichi. Tangu ile boti ya kutoka Minova izame hapa mbele ya macho ya watu, Oktoba 2024, ziwa kwake ni kitu cha kutoa sambaza tu.

"Baba, na gesi je? Si inalala humo chini?"

Inalala, mama. Kaboni na metani, nyingi sana, imebanwa na uzito wa maji chini kabisa, na wenzetu wa Rwanda wanaivuta kutengeneza umeme. Mahali ninapozama mimi ni ngozi ya juu tu. Sehemu nisiyogusa ni ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, ambako maji yenye kaboni nyingi yanaanza kwenye mita kumi na mbili tu. Nilimwambia hivyo. Akaniongezea sambaza, nadhani kwa huruma.

"Na ni kweli wazungu wanalipa ili wazame tu?" akauliza kijana.

Wanalipia. Zamani kidogo kulikuwa na mgeni mmoja hapa mjini, mtu wa miradi, aliyekuja na chupa yake na kuniomba nimlindie boti Jumapili. Alikuwa na kanuni nyingi. Usishike pumzi wakati wa kupanda, maana hewa uliyoivuta chini inatanuka na kupasua mapafu. Mimi ninayezama na pumzi ya juu sina shida hiyo. Tena hapa tuko mita 1,460 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, msukumo unakuwa maradufu kwenye mita tisa hivi badala ya kumi, kwa hiyo majedwali ya baharini, yanayomwambia mzamiaji akae chini muda gani, hayafai. Na baada ya kuzama hakukubali kupanda gari kuelekea milima ya Masisi siku hiyo hiyo, maana huko juu hewa ni nyepesi zaidi na gesi iliyobaki mwilini inaweza kugeuka mapovu. Nilimwuliza anafuata nini humu, na samaki hakuna. Akasema huko chini mgongo haumuumi na simu haiiti. Nilimwona kama mtu aliyechoka na kazi. Ila mgongo nilimwamini: mwili ukikosa uzito, hata mimi natoka majini nikiwa mrefu zaidi.

Saa 9 alasiri

Mpwa wangu anasoma biolojia hapa mjini, mwaka wa pili, na hajawahi kuweka kichwa ndani ya ziwa analoliona kila siku kutoka dirishani. Nilimwahidi. Amekuja na suruali ya michezo na wasiwasi.

Nampeleka mahali ambapo moto wa volkano ya Nyiragongo uliingia ziwani tarehe 17 Januari 2002. Yeye hakuwa amezaliwa. Mimi nilikuwepo, nyumba ya mama yangu ilikuwa kwenye njia ya ule moto, na leo iko chini ya jiwe, na juu ya jiwe kuna duka la mtu mwingine. Kwa watoto wa umri wake lava ni kitu cha kujengea kuta.

Mwanzo alishika pumzi, kama wote. Mwili haukubali kwamba unaweza kuvuta hewa na uso ukiwa majini. "Toa kwanza," nikamwambia, "sukuma hewa yote nje, ya kuingia itakuja yenyewe." Mara mbili alinyanyua kichwa akikohoa. Mara ya tatu akatulia. Nikasikia pumzi yake kwenye tuba, ndefu, kama mtu aliyelala. Mkono wake ulikuwa umenishika kifundo, ukalegea, ukaniacha.

Alikaa vile muda mrefu. Nilidhani anatazama wale samaki wadogo kwenye nyufa. Alipotoa uso, miwani imemkata duara usoni, hakutaja samaki.

"Mjomba, inaendelea."

"Nini?"

"Lava. Nilidhani inaishia pale ukingoni, pale watu wanapofulia. Inaendelea chini, ina mikunjo ile ile ya barabarani."

Akarudisha uso majini kabla sijajibu. Nilizama pembeni yake mita nne, nikagusa jiwe. Nimepita juu yake mara mia kutafuta vitu vya watu na sikuwahi kuifuata kwa macho kutoka mjini hadi pale inapoingia kwenye giza. Nilikuwa natafuta vilivyonyooka.

Midomo ilianza kumtetemeka, akakataa kutoka. Nilimtoa kwa kumwambia mama yake ataniua.

Saa 1 usiku

Umeme umekatika. Nimewasha taa ya simu nifanye hesabu: nusu ya mzee, toa mafuta, toa pampu iliyopasuka mpira. Mpwa wangu ametuma ujumbe, ameuliza kama miwani ya pili inapatikana kwa dola ngapi, rafiki zake wawili wanataka kuja Jumamosi.

Kijana bado yupo, anafagia karakana. Nikaitoa kle mfukoni, nikaiweka mezani, waya wa shaba juu. Aliitambua kabla sijasema neno. Akaigeuza geuza, akacheka bila sauti, kisha akanitazama moja kwa moja, naye si mtu wa kutazama wakubwa hivyo.

"Patro," akasema, "ile ilikuwa dola kumi na tano."

Nikamhesabia. Kle tumeitia kwenye kopo la mafuta ya taa. Mdomo wake umejaa ukoko wa chokaa, mgumu, haushiki nati bado.