Mradi wa mizizi: pingili za muhogo kichwa chini

Ndoo mbili zenye vifuniko, tambara lililolowa maji ndani, na pingili za muhogo aina ya Kiroba zimening'inia kwa uzi bila kugusa maji. Ndoo moja zimekaa kama zilivyoota shambani. Nyingine nimezigeuza, kitako (ncha iliyokuwa upande wa ardhini) juu, nione mizizi itatokea upande gani. Mtaalamu wa mimea Mjerumani, Hermann Vöchting, alining'iniza matawi ya mwerebi namna hii na kuchapisha matokeo yake mwaka 1878. Mimi nina muhogo, na hapa muhogo ni wa bure.

Mzee jirani aliniambia, "Mzizi unafuata ardhi, mwanangu, hilo nalo la kupima?"

Basi leo nimefungua. Kwenye ndoo zote mbili mizizi imetoka zaidi kitakoni. Zile zilizogeuzwa, imechomoza juu kabisa, pembeni mwa mkato, pale ganda lilipovimba ukingo mweupe. Ikatoka kidogo kwa ubavu, halafu ikapinda kushuka chini. Kwa hiyo mzee ana nusu ya haki yake.

Homoni inayohusika ni oksini. Hutengenezwa zaidi kwenye machipukizi na majani machanga, kisha hupita seli hadi seli kutoka kileleni kwenda kitakoni. Protini zinazoitoa, ziitwazo PIN, zimekaa upande mmoja wa seli, na kukigeuza kijiti hakubadilishi mpangilio huo papo hapo. Ikifika kwenye mkato, njia imekwisha. Inarundikana, na seli za karibu na mishipa zinaanza kugawanyika kuwa mizizi.

Kupinda nako ni kazi ya oksini hiyohiyo. Chembe za wanga kwenye ncha ya mzizi huzama, oksini huelekezwa upande wa chini, na huko huzuia seli kurefuka. Upande wa juu unaendelea kukua, mzizi unainama. Kwenye shina ingefanya kinyume, yaani ingerefusha. Hapo ndipo homoni hii inaponifurahisha.

Awamu inayofuata imeshaanza. Pingili nyingine nimezibandua ganda kama pete katikati, wanavyofanya wanaootesha mizizi juu ya tawi la mlimau. Mkondo wa oksini ukikatika hapo, natarajia uvimbe upande wa kileleni mwa pete. Nyingine nimezing'oa macho yote, yaani machipukizi yanayotengeneza oksini. Nusu yake nimezipaka kitakoni poda ya IBA, oksini ya dukani, nusu nimeziacha hivyohivyo. Utomvu bado unatoka, ndoo nimezifunika.